Nilikwenda Buhinyuza Kumchukua Mama

Wenzangu wa kwaya,

Mmeniuliza mmoja mmoja Mama yuko wapi, na kila mmoja nimempa jibu lake. Jaklini nilimwambia miguu inamuuma, hawezi safari. Spesi nilimwambia barabara imeharibika. Katekista nilimwambia Mungu ni mwema, akaridhika, akaenda zake. Sasa nimeanza kusahau nani nilimwambia nini, na nikaona nitaumbuka. Kwa hiyo naandika mara moja, msomeane. Mkitaka kunicheka, chekeni kwa pamoja yaishe.

Nianze na kile ambacho ningependa kukificha. Mimi nina wivu. Si ule wa mke na mume. Huo sijapata nafasi ya kuutumia, maana baba watoto yuko Bujumbura, na akirudi mwisho wa mwezi anakuwa amechoka hata kuonewa wivu. Wivu wangu ni wa mdogo wangu Imelda, na nimekua nao. Kambini Tanzania, tulikokimbilia vita, tulilala watu saba katika kibanda cha turubai, na Imelda ndiye aliyelala ubavuni kwa Mama. Mimi nililala mlangoni kwa sababu nilikuwa mkubwa na ilisemekana siogopi. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama naogopa. Tuliporudi Burundi mimi niliolewa huku Giheta, nikapata kazi ya kufundisha Kiswahili, na Mama akaenda na Imelda Buhinyuza, kwenye shamba la marehemu Baba. Tangu hapo Mama ni wa Imelda, nami ni wa kupigiwa simu Krismasi.

Ndiyo maana nikajenga kile chumba. Mmekiona wenyewe: rangi ya maziwa, kioo dirishani, godoro nene, chandarua, choo cha ndani hatua tano kutoka kitandani. Na mlango wenye kitasa na ufunguo wake. Kwa mtu aliyelala mlangoni mwa turubai, mlango unaofungwa ndio uzima wenyewe. Nilijiambia: sasa Mama ataishi vizuri, na ataishi kwangu. Hilo la pili ndilo lililonisukuma, ila nilikuwa nalisema polepole nisilisikie.

Giheta hadi Gitega: ufunguo mkobani

Niliondoka Jumanne ya wiki ya kwanza ya likizo, na blanketi jipya ndani ya mfuko wa plastiki na ufunguo wa chumba ndani ya mkoba. Hiyo safari ya Giheta hadi Gitega mnaijua, haina hadithi. Hadithi ilianza kituoni Gitega, pale nilipokaa kusubiri gari la Muyinga.

Karibu yangu alikaa mama mmoja anayeuza parachichi. Aliangalia blanketi langu kwa muda, akaniuliza naenda wapi. Nikamwambia naenda Muyinga kumchukua mama yangu.

Akaacha kupanga parachichi zake, akanishika mkono. "Pole sana, mama. Alikufa lini?"

"Hajafa," nikasema. "Ni mzima."

"Basi iko ku hospitali."

"Hapana. Yuko nyumbani kwake, anakula, anatembea. Nataka tu aje akae kwangu."

Yule mama alinitazama vile mnavyomtazama mtu anayeimba sauti isiyo yake. Akauliza kama mama yangu amefukuzwa. Nikamwambia hajafukuzwa. Akauliza kama kilima chao kimeanguka kwa mvua. Nikamwambia kilima kipo. Mwishowe akanipa parachichi moja la bure, kwa huruma, na akamgeukia mteja mwingine. Nililila lile parachichi kwa hasira, na lilikuwa tamu sana.

Gitega hadi Karusi: mafuta

Tulipata gari dogo saa nne. Dereva alituapia kwamba mafuta anayo ya kutosha. Tulipofika Karusi ikaonekana alikuwa na mafuta ya kutosha kufika Karusi. Akachukua kidumu, akaondoka na pikipiki kwenda kutafuta, nasi abiria tukashuka, tukakaa kwenye ukingo wa saruji mbele ya duka lililofungwa. Tulikaa hapo tangu saa sita hadi karibu saa kumi na moja.

Hapo ndipo nilipomfahamu mzee Saidi. Ni fundi cherehani wa Muyinga mjini, mtu mfupi mwenye kofia ya kufuma, alikuwa ametoka Gitega kununua vitenge. Alifungua bakuli lake la plastiki: chapati na maharage yaliyopikwa kwa mawese. Kabla hajamega, alimpa kila mtu, hadi utingo na mwanamke aliyekuwa anapita tu na jembe.

"Kula, mama," akaniambia. "Mi siwezi kula peke yangu. Chakula inakataa kushuka."

Nikala. Akaniuliza kama wote wanavyouliza, nami nikajibu kwa uangalifu zaidi kwamba mama yangu ni mzima, anaishi kwa mdogo wangu Buhinyuza, nakwenda kumleta kwangu.

"Na huyo mudogo wako anasema aje?"

"Hajui bado."

"Bon, sawa." Alitafuna kidogo. "Na mama?"

"Naye hajui."

"Ah bon," akasema mzee Saidi, akanimegea chapati nyingine.

Nikamweleza kuhusu chumba. Nilikieleza vizuri, maana nakipenda. Nilipofika kwenye choo cha ndani, alitikisa kichwa kwa heshima. Nilipofika kwenye ufunguo, akauliza, "Sasa we na huyo mama munafungiana na nani?" Nikamwambia si kufungiana, ni kuwa na mahali pako mwenyewe. Akasema vraiment, kweli kabisa, ni kitu ya maana, na kwao wako watu kumi na mmoja katika vyumba vitatu. Nikamwonea huruma. Wekeni alama hapo kwenye huruma yangu, maana haikudumu.

Muyinga: viatu vya mzee Saidi

Tuliingia Muyinga jua likizama, na hapakuwa na gari la kwenda Buhinyuza saa hizo. Mzee Saidi hakuniuliza kama nina pa kulala. Alichukua mfuko wa blanketi akaanza kutembea, nami nikamfuata.

Nyumba yao iko mtaa wa Waislamu, karibu na msikiti. Mkewe, Mama Zuhura, alinipokea mkoba na kunipa maji ya kunawa kabla ya kuuliza jina langu. Watu wakaanza kuingia: wana, wakwe, wajukuu, dada wa mzee aliyeachika. Kila aliyeingia alivua viatu mlangoni. Baada ya swala ya magharibi mzee Saidi alitoka, akasimama pale mlangoni, akaanza kunyoosha kidole chini.

"Anafanya nini?" nikamuuliza Mama Zuhura.

"Iko anahesabu viatu. Kila jioni. Kama viatu vyote viko, tuko wazima. Kama iko inapungua, hatuweki chakula chini, tunatafuta ile mutu kwanza."

Mzee akarudi ndani akitabasamu. "Leo tuko kumi na mbili," akasema. Nikaangaza macho kutafuta huyo wa kumi na mbili. Walipoanza kucheka ndipo nikaelewa kwamba ni ndala zangu.

Tulikula wali na ndagala, wale dagaa wa ziwani, kwenye sinia moja. Ningependa kuwaambia nilifurahi. Kwa kweli roho iliniuma. Nilimtazama yule mzee ambaye mchana nilimwonea huruma kwa kubanana, nikawaza nyumba yangu ya vyumba vitano, na pale mlangoni kwangu jozi moja tu ya viatu, maana watoto wako Bujumbura na baba yao. Nilimwonea wivu mtu kwa sababu ya mlango mchafu. Asubuhi nilikuta ndala zangu zimeoshwa, zimeegeshwa ukutani zikauke.

Wakati wa chai mzee Saidi alinipa ushauri. "Mama mwalimu, usipande ile kilima mikono mitupu. Wazee wa kule wako na sheria yao. Peleka kinywaji."

"Mimi situmii pombe, mzee."

"Peleka fanta! Hata sisi tunapeleka fanta, ku harusi, ku kilio, kila mahali. Lakini usipeleke chupa mbili kama mutoto wa shule. Peleka kreti."

Nikanunua kreti mbili. Mimi kwangu kreti ni vinywaji: watoto wanywe, majirani wanywe, nionekane nimetoka mahali pazuri. Nitakuwa mkweli, nilitaka pia Imelda azione.

Mwakiro hadi Buhinyuza: kreti mbili juu ya baiskeli

Gari lilinifikisha Mwakiro, likaishia hapo. Kuanzia pale nilimpata Deo, mtu mzima wa makamo mwenye baiskeli imara, anayebeba ndizi siku za soko. Alifunga kreti moja juu ya nyingine kwa kamba za mpira, akaanza kusukuma, mimi nyuma na blanketi langu kichwani.

Sasa sikilizeni. Kila tuliyempita alimuuliza Deo swali lile lile: hicho kinywaji kinakwenda kwa nani? Deo alijibu kwa fahari kama vile ni chake, kwamba kinakwenda Buhinyuza, kwa Imelda binti wa marehemu Zakariya, ndiye Baba, na mwenye nacho ni huyu, dada mkubwa. Watu walinitazama, wakasema ndiyo, ndiyo. Kisha waliweka majembe begani wakatufuata. Tuliposimama kula viazi vitamu kwa mwanamke wa pale njiani, nyuma yetu walikuwa wanne. Tulipovuka mto mdogo walikuwa tisa. Nikamnong'oneza Deo kwamba hawa watu wana kiu kweli.

Deo alikuwa amekulia Tanzania kama sisi, anaongea Kiswahili safi. Alinitazama akitafuta kama nafanya mzaha. "Dada, hawana kiu," akasema. "Wanataka kusikia neno."

"Neno gani?"

"La hicho kinywaji. Hakuna anayepandisha kreti mbili mlimani bila neno."

Nilidhani anamaanisha salamu, au sala ya kushukuru chakula. Mnajua sisi tuliokulia kambini: watu wa mikoa yote tulichanganywa, na mila za kila mmoja zikachujwa hadi yakabaki maji tu. Nilijikaza kisabuni, nikaendelea kupanda.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka uani, anachambua maharage na wanawake wawili wa jirani. Wajukuu wawili walikuwa wamemlalia mapajani. Imelda alikuwa nyuma yake, anamkuna mgongo kwa vidole bila hata kuangalia, akiongea na mtu mwingine, vile mtu anavyojikuna mwenyewe. Nilisimama nikaona hilo kabla hawajaniona. Na Mama alikuwa amenenepa. Mungu anisamehe, nilitaka nimkute amekonda.

Kisha ikawa kelele. Imelda alikuja mbio, akanikumbatia hadi blanketi likaanguka. "Dada! Dada amekuja, jamani, mama yenu mkubwa!" Watoto wakanirukia. Mama alinishika uso kwa mikono miwili, akanitazama kwa muda mrefu. Kisha akaona baiskeli, kreti zile mbili, na watu waliokuwa wanakaa kwenye nyasi bila kukaribishwa.

"Umekuja na nini, Goreti?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Nimekuja na neno zuri, Mama," nikasema, nikapapasa mkoba wangu kusikia kama ufunguo upo.

Mama aliomba fimbo yake, akaenda kwa jirani wa upande wa pili wa migomba. Nilijua anakwenda kutangaza kwamba binti yake mkubwa amefika, nikaona fahari.

Buhinyuza: Karoli anasimama

Mama alirudi na mtu anayeitwa Karoli. Msije mkamdhania ni mzee wa hekima. Ni mtu mwembamba ndani ya koti kubwa, anayependa kuongea kuliko kula, na ambaye kwa kipaji hicho watu wa kilima chote humtumia kusimama kuwasemea kwenye posa na misiba. Alinawa mikono, akakaa mbele ya kreti, akakohoa. Watu wakanyamaza. Walikuwa zaidi ya thelathini.

Nikaona wakati wangu umefika. Nikasimama, nikafungua mdomo. Deo akanivuta gauni.

"Kaa, dada. Mwenye kinywaji hajisemei."

"Nani atasema sasa?"

"Anasema yeye."

Nikakaa. Karoli akasimama. Aliongea Kirundi kirefu cha kupanda na kushuka, nami nitawapa kwa Kiswahili kile nilichokishika. Alianza na Baba, Mungu amrehemu. Akaingia kwenye vita, akavuka nasi mpaka, akatulaza kambini, akaturudisha. Alieleza jinsi mabinti wawili walivyogawana kazi bila kugombana: mmoja alikwenda mbali kutafuta elimu, mwingine akabaki kubeba mzazi. "Na leo," akasema, akinionyesha kwa mkono wote, "aliyekwenda mbali amepanda mlima. Amesema, sikuwepo Mama alipougua. Sikuwepo alipoanguka kwenye mtaro. Sikuwepo kumchotea maji hata siku moja. Mdogo wangu alikuwepo. Kinywaji hiki ni cha Imelda. Dada yake amekuja mbele yenu kumshukuru."

Makofi yalilipuka.

Imelda alikuwa amesimama mlangoni na kikapu. Kikapu kilimtoka mkononi. Alikuja hadi kwangu, akapiga magoti mbele ya watu wote, mbele yangu mimi niliyekuja kumnyang'anya Mama, akanishika mikono na kulia. Alilia kwa sauti. Alisema, "Dada, nilidhani huoni. Miaka yote hii nilidhani huoni."

Ningesema nini? Niambieni, ninyi mnaojua kusema. Ningesimama niseme Karoli amekosea, sikuja kushukuru, nimekuja na ufunguo? Wanawake walikuwa wanapiga vigelegele. Upande wa Imelda ulikuwa na msemaji wake pia, akasimama akapokea shukrani hiyo kwa maneno mengi. Chupa zikafunguliwa. Wakanipa ya kwanza, nikainywa. Kinywaji kikishanywewa, neno lake limeshapita. Atakayelirudisha amewanywesha watu uongo. Hilo Deo alinieleza akiwa na chupa yake mkononi, na nilimchukia.

Jioni ile wote walikuwa na furaha, na mimi nilikuwa na wivu kuliko nilivyowahi kuwa nao. Imelda alishukuriwa kwa vinywaji vyangu. Nilivinunua mwenyewe, nikavipandisha mwenyewe, nikamshukuru mtu ambaye maisha yangu yote ndiye niliyetaka kuwa.

Asubuhi: milango mitatu

Kulipopambazuka Mama alichukua fimbo. Nikamuuliza anakwenda wapi, akasema kuamsha watu. Nikamfuata.

Alipita nyumba tatu. Kila mlango aligonga, akauliza usiku umepitaje, akasubiri ajibiwe vizuri, ndipo akaenda mbele. Mlango wa tatu ni wa mama mmoja anaitwa Verediana, anayeishi peke yake. Haukujibu. Mama hakuondoka. Aligonga tena kwa fimbo, akaita, mpaka sauti ndogo ikatoka ndani: ana homa. Mama akaniambia nikimbie nikamwambie Imelda alete uji. Niliporudi na Imelda na uji, tayari kulikuwa na watu wanne ndani, mmoja anatoa shuka nje.

"Na wewe nani anakugongea?" nikamuuliza Mama tulipokuwa tunarudi.

"Verediana. Akiwa mzima ananiwahi."

Tulikaa kwenye ukingo wa njia apumzishe miguu. Nikaona nikinyamaza nitapasuka. Nikamwambia yote: chumba, rangi, godoro, choo, kitasa. Nikamwambia Karoli alikosea neno langu.

"Hakukosea," Mama akasema. "Mimi nilimwambia aseme vile."

Nilimgeukia.

"Niliona kreti, nikaona uso wako. Wewe ukitaka kitu nakujua tangu ukiwa mdogo. Ungesimama useme neno lako, na watu wangenigeukia mimi, wasubiri nichague kati yenu. Goreti, sijawahi kuchagua na sitaki kuanza uzeeni."

"Ulichagua," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ya mtoto. "Kambini. Imelda alikuwa ubavuni kwako. Mimi ulinilaza mlangoni."

Mama alifikiri. Ni kweli alifikiri, hakutaka kunituliza. "Imelda alikuwa anakohoa usiku," akasema. "Nilitaka nisikie akiacha. Wewe nilikuweka mlangoni kwa sababu ungeamka kitu kikija. Nilikuonea. Nililijua hilo, na sikukuambia."

Kisha akauliza kuhusu chumba, akauliza vizuri kama mtu anayekitaka. Dirisha linaangalia wapi? Nikamwambia ukuta wa jirani. Nani anapita hapo? Hakuna, Mama, kuna lango la chuma. Na asubuhi, akauliza, watajuaje kama nimeamka?

"Nitajua mimi," nikasema.

"Na ukiwa shuleni?"

Nikatoa ufunguo, nikampa, sijui hata kwa nini, labda kwa sababu niliubeba mbali hivyo. Niliona atanirudishia. Mama aliupokea kwa mikono miwili, akaufunga kwenye ncha ya kitenge chake, mafundo mawili. "Chumba kiwe changu," akasema. "Usimpe mtu. Mvua zikiisha nitakuja nikilalie siku chache, nione hilo godoro."

Imelda alikuwa amesimama hatua chache na sufuria tupu ya uji. Aliona fundo lile. Na mimi nikaona uso wake ukibadilika, nikaujua uso huo mara moja, maana nimeuvaa maisha yangu yote. Nitasema ukweli wote, si mnautaka: nilifurahi. Ilikuwa furaha ya kama hatua kumi hivi, halafu nikampokea ile sufuria.

Buhinyuza hadi Giheta: kurudi

Nilikaa hadi Jumatano ya wiki iliyofuata. Alfajiri Imelda alinisindikiza hadi mtoni, chupa tupu zikigongana kwenye baiskeli ya Deo mbele yetu. Tulipokaribia maji akauliza, "Dada, hicho chumba kweli kina kioo dirishani?"

"Kina."

"Na mtu anafunga mlango akabaki peke yake ndani?"

"Akitaka."

"Mimi sijawahi kulala peke yangu hata siku moja," akasema. "Kambini, nyumbani, kwa mume. Siku zingine nakwenda kukaa shambani nyuma ya mihogo, nasema napalilia. Nakaa tu. Nakuonea wivu, dada, hujui." Akacheka kwa aibu, akafuta uso kwa kitenge.

Nilitaka kumwambia kitu, nikaishia kumpa blanketi, ambalo Mama alikuwa amelikataa kwa sababu analo. Nikamwambia kitanda kile kinatosha watu wawili. Akasema atamleta Mama mwenyewe, na akifika atalala siku nzima mlango umefungwa, mimi nilishe watoto. Hilo ndilo neno letu, na halikunywewa kinywaji chochote.

Kurudi kulikwenda haraka kama kurudi kunavyokwenda. Muyinga nilipita kumsalimia mzee Saidi kwenye cherehani yake. Aliangalia nyuma yangu, akaona niko peke yangu. "Bon," akasema, na hakuniuliza zaidi. Mafuta yalikuwepo.

Sasa nifike mnapohusika. Mmeniuliza Jumapili baada ya misa. Mimi nilifika Jumatano. Usiku ule ule homa ilinishika, malaria ya Buhinyuza bila shaka, nikalala Alhamisi na Ijumaa yote nikitetemeka, lango limefungwa. Niliwasikia mkipita. Jaklini, nilisikia sauti yako ukienda kuchota maji, ulikuwa unacheka. Spesi, wewe ulisimama kabisa mbele ya lango langu ukaongea na mtu kuhusu bei ya mahindi. Nilikuwa nyuma ya kioo cha kile chumba, kwenye godoro jipya, na nilikuwa nasikiliza kama kuna atakayegonga. Jumamosi nilijiamkia mwenyewe, nikajipikia uji.

Siwalaumu. Lango nililichagua mimi, nikachagua la juu, la chuma, nikamwambia fundi alizibe kwa bati nene watu wasichungulie. Mlifikiri mwalimu anapumzika. Mngejuaje?

Lakini wivu wangu haujaisha, na safari hii una sehemu ya kwenda. Tangu Jumatatu nafungua lango saa kumi na mbili kamili asubuhi, naliacha wazi hadi niende shule. Nimeweka kiti hapo. Mkipita mkakuta limefungwa, msipite. Gongeni, na nisipojibu, gongeni tena.